Osha Kwanza: mhadhara juu ya kupaka upya ndani ya kontena kuukuu

Mafundi wenzangu, naanza na lile lile ninalolisema kila mnaponiita: osha kwanza, msasa baadaye. Mmezoea kuingia na grinda mkononi. Kontena lililozunguka baharini miaka kumi na zaidi lina chumvi kwenye kuta, lina mafuta ya folklifti, lina mabaki ya kila mzigo uliopita humo. Ukipiga msasa juu ya uchafu huo, unausugulia ndani ya mikwaruzo unayoitengeneza mwenyewe, na kuutoa humo ni kazi kweli.

Sikilizeni chumvi inavyoua rangi. Punje usiyoiona kwa macho ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na unyevu hupenya hata epoksi nzuri, ile rangi ngumu inayogandishwa kwa dawa. Maji yanakusanyika, rangi inainuka malengelenge. Toboa lengelenge moja kwa ncha ya kisu: kitatoka kitone cha maji, na chini yake chuma kimeshaanza kuliwa. Hapo hata upake mikono mitatu juu yake, umeharibu rangi tu!

Kwa hiyo sugua kwa sabuni ya kuondoa grisi na brashi ngumu, kisha suuza kwa maji safi yasiyo ya chumvi kuanzia darini kushuka. Inueni kontena kidogo upande usio na mlango ili maji yatoke mlangoni, yasiloweshe plaiwudi ya sakafu. Pale bati linapokutana na reli ya chini rudieni mara mbili, maana chumvi hulala hapo. Kisha nyunyiza maji safi ukutani: yakitandaa sawasawa, mafuta yametoka, yakijikusanya matone, rudi kwenye sabuni. Jaribio hilo ni la mafuta peke yake. Chumvi ina vibanzi vyake vya kupimia kloridi, vinunueni.

Najua kuna atakayesema, “Mwalimu, hiki ni chuma cha Corten, kile kilichoundwa ili kutu yake ya juu ikilinde.” Hapana! Kutu ya kinga hujijenga pale chuma kinapolowa na kukauka kwa zamu, penye hewa isiyo na chumvi nyingi. Kwenye kona ya ndani yenye unyevu na chumvi haijijengi. Kutu inaendelea kula, na bati la ukuta lina takribani milimita 1.6 hadi 2 basi.

Likishakauka, kwangua, piga msasa namba 80 penye kutu na 120 kwenye rangi ya zamani iliyoshika, ukilainisha kingo mpaka kidole kisihisi ngazi. Vaa barakoa ya vumbi. Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi. Praima, yaani rangi ya kwanza, ipakwe siku hiyo hiyo, tena iwe epoksi ya makopo mawili: rangi na hadena, dawa ya kuigandisha. Rangi ya kawaida ya mafuta ikikutana na zinki ya praima ya kiwandani iliyo chini hugeuka kitu mfano wa sabuni, ikabanduka vipande vipande. Anza kwa brashi kwenye viungo vya kuchomelea na kona, ndipo upitishe rola.

Kontena la futi 20 lina kama mita za mraba 53 ukiacha sakafu. Mikunjo ya bati inaongeza, hesabu 60. Lita moja ikifunika mita 8, unahitaji lita saba na nusu kwa kila mkono. Ila usichanganye zote na hadena kwa pamoja, zitagandia kwenye ndoo.

Muda unanikimbia, na haya yaliyobaki nayo si madogo. Chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kuacha umande juu ya vitu, la sivyo unapaka juu ya maji. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hukaa chini na hulipuka: milango wazi, feni isiyotoa cheche, barakoa yenye vichujio vya mvuke (ile ya vumbi haizuii mvuke), na mtu nje anayekuangalia. Plaiwudi ya sakafu, milimita 28, kwa kawaida imetiwa dawa ya wadudu. Soma kibati cha mlangoni, usiisage kavu. Na msifunge milango jioni ile ile. Acheni hewa ipite, na mzigo usubiri siku 7 hivi, epoksi ikomae.