Siku ya Nane: Seli Zinavyokufa Katika UVIKO-19 Mkali

Wakubwa wangu, shikamooni. Na wenzangu wa wodini mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, poleni na kazi. Mkisinzia sitalalamika.

Nianze na siku ya nane. Sote tuliohudumia wagonjwa wa UVIKO mwaka 2020 na 2021 tunaikumbuka. Mgonjwa alianza na homa na kikohozi, siku ya tano akasema ana nafuu, akaomba uji. Siku ya nane au ya tisa, pumzi zikaanza kumkatika. Ajabu ni kwamba ukipima kooni wakati huo, mara nyingi virusi vimeshapungua, maana huwa vingi zaidi siku zile dalili zinapojitokeza. Sasa kama adui anarudi nyuma, nani anambomoa huyu mtu?

Tutazame seli zinavyokufa. Seli kufa si msiba; mwilini mwako zinakufa mabilioni kila siku na huhisi kitu. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo hicho cha kimyakimya apoptosisi, neno la Kigiriki la majani kupukutika. Seli inajikunja, inagawanyika vipande vilivyofungwa vizuri, na seli walaji zinavimeza. Ni mpangaji anayehama alfajiri na mafurushi yake: majirani wakiamka, chumba kitupu, ugomvi hakuna.

Kuna kifo kingine, piroptosisi, na hiki ni moto wa nyumba ya makuti. Ndani ya seli kuna mtambo wa hadhari uitwao inflamasomu. Ukinusa kijidudu, unaamsha kimeng'enya kaspesi-1, nacho kinakata protini moja, gasdamini D. Kipande kilichokatwa kinatoboa utando wa seli. Maji yanaingia, seli inavimba, inapasuka. Vilivyokuwa ndani vinamwagika, pamoja na intaleukini-1, ambayo kazi yake ni kupiga mbiu ya kuita seli za kinga. Cheche zimepaa, na paa la jirani nalo ni makuti.

Ile LDH tunayoiagiza maabara bila kufikiri sana ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli. Kukikuta kwa wingi kwenye damu ni kama kukuta masufuria barabarani: ujue kuna nyumba imebomoka.

Kwenye mapafu, virusi huingilia kipokezi cha ACE2, na kipokezi hicho kipo kwenye seli zinazotengeneza utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Seli hizo zikifa, vifuko vinanywea. Mishipa midogo inavuja, majimaji yanajaa, damu inaganda ndani yake. Mnafungulia oksijeni mpaka mwisho, lakini haina pa kupitia.

Utafiti uliotoka mwaka 2022, uliofanywa Boston, Marekani, uliongeza jambo ambalo binafsi sikulitarajia. Kiasi cha asilimia 6 ya monosaiti, aina ya seli nyeupe za kinga, katika damu ya wagonjwa zilikuwa zimeingiwa na virusi, na mlango ulikuwa kingamwili zenyewe: seli ilishika kingamwili, ikameza na virusi vilivyong'ang'ania hapo. Humo virusi havikuweza kuzaliana. Seli ilikufa kwa piroptosisi. Nasikia minong'ono, najua swali linakokwenda: je, kingamwili za chanjo nazo zinafungua mlango huo? Walipima pia damu ya watu waliochanjwa, na kingamwili zao hazikufungua mlango huo.

Huko Memphis, Marekani, mtafiti Kanneganti na wenzake walionyesha kuwa TNF na interferoni gama, mbiu mbili za kinga, zikikutana zinaua seli kwa njia kadhaa kwa pamoja, na panya waliozuiliwa zote mbili walinusurika kwa wingi zaidi. Seli zinazokufa zinatoa mbiu, mbiu inaua seli zaidi. Duara hilo likishaanza, halimhitaji tena aliyeliwasha.

Ndiyo maana deksamethasoni, dawa ya bei ya chini ambayo haiui kirusi hata kimoja bali hutuliza kinga, iliokoa watu. Matokeo ya jaribio la RECOVERY la Uingereza yalitangazwa tarehe 16 Juni 2020. Wagonjwa 2,104 walipewa miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Wengine 4,321 walipata huduma ya kawaida. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliotumia oksijeni bila mashine, kutoka 26.2 hadi 23.3. Kwa wasiohitaji oksijeni, waliopewa dawa walikufa asilimia 17.8 na wasiopewa 14.0. Tofauti hiyo ya mwisho inaweza kuwa bahati ya hesabu, lakini faida haipo. Ukimpa mtu deksa siku ya pili, mafua tu na homa, unawazuia wazima moto, yaani kinga, wakati virusi ndiyo kwanza vinaingia. Na bado watu waliinunua dukani na kuimeza nyumbani "kwa tahadhari".

Kaka pale mlangoni anauliza kwa nini tusiizibe gasdamini yenyewe, tumalize kazi. Swali zuri. Lakini rudi kwenye zile monosaiti: zilipasuka, ndiyo, ila kirusi kilichoingia humo hakikuzaa. Moto ule ule unaounguza mapafu ndio unaoteketeza maficho ya kijidudu, na mgonjwa wa ICU, wodi ya mahututi, aliyelazwa wiki tatu huwa na bakteria wanaomsubiri. Ukiuzima wote, hao utawazuia kwa kitu gani?