Mrehani na ndugu zake

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kuja. Leo nazungumzia mmea ambao wengi wenu mnao uani: mrehani.

Wapo wanaodhani jina hili limetokana na kuweka nyumba rehani. Dhana hiyo ina sababu, maana kwa sikio letu neno ni moja. Kwa Kiarabu ni mawili. Rehani ya mkopo ni *rahn*, yenye he nyepesi. Mmea ni *rayhan*, yenye ile ha inayotoka kooni. Kiswahili kimezifanya ha hizo sauti moja, basi maneno yasiyo na udugu yakafanana sura.

Ndugu wa kweli wa mrehani tunao midomoni kila siku. Mzizi wake ni r-w-h, na humo ndimo mlimotoka roho na raha, na kwa Waarabu pia *rih*, upepo. Pumzi, upepo, harufu inayobebwa na upepo, nafsi kutulia: yote ni mzizi mmoja. Mimi jambo hili hunigusa kila nilifikiriapo. Qurani imeitaja *rayhan* mara mbili, katika Ar-Rahman aya ya 12 na Al-Waqia aya ya 89, na katika hiyo ya pili limetanguliwa na *rawh*, neno la mzizi uleule lenye maana ya raha.

Asili yake *rayhan* ni mmea wowote unaonukia. Waarabu wa Maghribi na Andalusia waliita hivyo mti mwingine kabisa. Sisi wa pwani tukalibana neno, likawa la mmea mmoja, kisha tukalivika m- ya miti: mrehani, mirehani. Majani yakabaki rehani.

Wagiriki waliuita wa kifalme, na ufalme huo umo hadi leo katika jina la kitaalamu, *Ocimum basilicum*, alilolitoa mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753. Ni jina la heshima, lakini halikuambii mmea unafanya nini. Letu linakuambia. Waulizeni akina mama wanaofunga vikuba, vile vishada vya maua na majani yanayonukia: rehani haikosi humo, pamoja na asumini na mkadi, kwa sababu ya harufu yake.

Jamaa yake wa porini, kivumbasi, naye ananukia, ila kwa ukali. Huyo watu humweka ndani kufukuzia mbu, na jina la *rayhan* hakulipata.