Kengele Ikilia, Ingia: Mazungumzo na Wanaojiandaa kwa Usaili wa Udaktari

(Mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, ukumbi wa parokia, Moshi)

Shikamooni wazazi. Vijana, habari za asubuhi. Naona wengine mmekuja wenyewe na wengine mmeletwa na mama zenu. Yule baba pale nyuma kakaa mlangoni kabisa kama mtu aliyeacha duka wazi. Karibuni wote.

Nianze na habari itakayowapunguzia wengine presha. Ukiomba udaktari hapa nchini, kwa kawaida hakuna anayekuita usaili. Wanatazama Fizikia, Kemia na Baiolojia zako, wanafuata vigezo vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, basi, ushindani unaamua. Kama nia yako ni chuo cha pale KCMC au Muhimbili, vita vyako vilikuwa kwenye karatasi ya mtihani na vimekwisha. Leo nasema zaidi na wanaoomba nje, hasa Uingereza, ambako maombi ya udaktari hufungwa mapema, tarehe 15 Oktoba, na huruhusiwi kuchagua zaidi ya vyuo vinne vya udaktari. Marekani ni hadithi nyingine: kule kwa kawaida mtu humaliza kwanza shahada nyingine ndipo aombe udaktari. Wakala akikwambia atakupeleka huko kusomea udaktari moja kwa moja kutoka fomu sita, muulize maswali mengi kabla baba hajauza ng'ombe.

Mimi usaili wangu wa kwanza nilifeli. Ulikuwa wa jopo: wazee watatu, meza moja, mimi na koti la kuazima. Nilikuwa nimekariri kila kitu, mpaka vyumba vya moyo na valvu zake. Hawakuuliza moyo. Bibi mmoja mwenye miwani akaniambia, tueleze mara moja uliposhindwa jambo. Nikajibu kwa kujiamini, "Sijawahi kushindwa." Na niliona ni kweli! Nilikuwa namba moja tangu darasa la tatu. Yule bibi akaweka kalamu mezani, na hakuishika tena mpaka natoka. Miaka imepita, ile kalamu bado naiona.

Siku hizi vyuo vingi vya kule vimeacha meza moja na wazee watatu. Wanatumia usaili wa vituo, MMI, ulioanzia chuo kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada; waanzilishi wake waliuandikia makala ya kitaaluma mwaka 2004. Wazo lenyewe mtu wa Moshi hahitaji kufafanuliwa sana. Baba yangu alifanya kazi ghala la kahawa. Gunia likiletwa, hawakufungua mdomo wake wakatazama za juu, maana mkulima mjanja nzuri huzipanga juu. Walichukua bambo, kile kichuma kilichochongoka chenye mfereji, wakachoma juu, katikati, ubavuni, chini. Kila mchomo punje chache kiganjani. Ukikutana na jopo moja, umechomwa mara moja. Pengine mzee kaamka vibaya, pengine mmesoma shule moja mkaanza kucheka. Kwenye vituo unachomwa mara sita, nane, hata kumi, kila mara na mtu mwingine ambaye hajui ulifanyaje mlango uliopita.

Inavyokwenda ni hivi. Umesimama korido. Mlangoni pamebandikwa karatasi ya maelezo, una kama dakika mbili za kuisoma. Kengele inalia, unaingia. Dakika tano, saba, nane, inategemea chuo. Kengele tena, unatoka hata kama neno liko mdomoni. Ukiharibu kituo cha tatu, mlango wa nne hawana habari. Wengi huharibu cha nne kwa sababu bado wanalia cha tatu.

Sasa naomba watu wawili waje mbele. Wewe dada, na wewe kaka mwenye sweta. Kaeni mpeane migongo. Dada, hii karatasi ina mchoro, mweleze mwenzio auchore bila kumwambia ni kitu gani. Dakika mbili.

(Waliokuwepo wanajua kilichotokea. Dada alianza vizuri: "Chora duara. Chini yake chora kama kikombe kilichopinduliwa. Weka mlango mdogo." Alisema haraka kama mtangazaji wa mpira. Kijana alichora, akafuta, akachora. Muda ulipoisha tukainua karatasi zote mbili. Ya dada ilikuwa na jiko la mkaa. Ya kijana ilikuwa na kitu kama msikiti wenye masikio.)

Mnacheka, lakini hiki ni kituo kamili, vyuo vinakitumia. Dada kaeleza vizuri, maneno yake hayana kosa. Kosa liko wapi? Hakuuliza hata mara moja, "Umefika wapi?" Kaka naye hakusema, "Subiri, sijaelewa mlango uko juu au chini." Kesho huyu dada atamweleza bibi wa Kibosho namna ya kumeza dawa za presha, atasema yote sawasawa, bibi ataitikia "ndiyo daktari, ndiyo daktari", atafika nyumbani ameze zote asubuhi. Msaili hapimi jiko. Anakusikiliza kama utamuuliza mwenzio amefika wapi.

Kituo cha pili nataka tukae nacho, kwa sababu hapa sisi tuna hazina na tuna mtego, vyote pamoja. Mfano unaopendwa kwenye mazoezi: umerudisha gari nyuma, umemkanyaga paka wa jirani, amekufa. Jirani ni mwigizaji, yuko ndani. Ingia umwambie.

(Kicheko.)

Najua. Hapa ukikanyaga paka, jirani atakwambia basi yaishe. Ukikanyaga mbuzi ndiyo mtakaa kikao. Lakini yule jirani wa kwenye karatasi ni mzee anayeishi peke yake, na huyo paka ndiye anayemwambia usiku mwema. Ukiingia na kicheko cha Moshi umekwisha. Usimpime paka kwa thamani unayompa wewe.

Hazina yetu ni hii: sisi tunajua kukaa na mwenye huzuni. Mmekwenda matangani tangu mnatambaa. Mnajua kuvua viatu, kukaa chini, kunyamaza. Tuna neno "pole", na Kiingereza hakina. "Sorry" yao imebeba kuomba radhi na kuhurumia ndani ya kikapu kimoja, kwa hiyo itabidi useme wazi ipi ni ipi. Hapo kwa paka unahitaji zote mbili, maana aliyekuwa kwenye usukani ni wewe.

Mtego ni huu. Habari ya kifo kwetu haisemwi. Unapigiwa simu: "Bibi hali yake si nzuri, njoo." Unafika stendi, binamu kakupokea mkoba na hakutazami. Unaona turubai, viti vya kukodi, ndipo unajua. Hakuna aliyekwambia. Ni upole, siudharau. Wazee walijua habari nzito haitupwi kifuani kwa mtu. Hata madaktari wana utaratibu ulioandikwa mwaka 2000, unaitwa SPIKES, na ndani yake kuna hatua ya kumwandaa mtu kabla hujasema lenyewe. Unaona, binamu wa stendi alikuwa anajua. Ila yeye huishia hapo. Wewe kwenye kituo huwezi kuishia hapo. Nimewasikia vijana wetu wakizunguka dakika sita: paka hajisikii vizuri, paka amepata tatizo, tumwombee paka. Kengele inalia, jirani bado anauliza kama ampeleke kwa daktari wa mifugo.

Mkaribishe akae. Sema, "Nina habari mbaya." Subiri pumzi moja. Kisha useme: nimemgonga paka wako kwa gari, amekufa. Neno "amekufa" litoke. Halafu nyamaza. Huo ukimya utakuwa mrefu kuliko misa ya Pasaka, usiujaze. Pole yako ikae ndani yake.

Maswali ya maadili nitayapita haraka, yana vitabu vyake. Zijueni kanuni nne: mgonjwa ana haki ya kuamua, mtendee mema, usimdhuru, tenda haki kwa wote. Nawaomba tu msizitupe kama mawe. Ukiulizwa familia inayosema "usimwambie baba ana saratani", usikimbilie kusema kule Ulaya hairuhusiwi. Wewe umetoka kwenye familia hiyo. Sema kwa nini watoto wanaogopa, kisha sema kwa nini baba naye ana haki ya kuulizwa anataka kujua kiasi gani. Pengine yeye mwenyewe atasema, mwambieni mwanangu mkubwa. Huo nao ni uamuzi wake.

Uzoefu: mnaniambia hamjafanya kazi hospitali. Sawa, hakuna atakayekuruhusu uzurure wodini Mawenzi eti unajiandaa na usaili. Lakini nani hapa ameuguza mtu nyumbani? Inueni mikono. Haya, nusu ya ukumbi. Ukiulizwa unajua nini kuhusu mfumo wa afya wa kwenu, usikariri ngazi kama shairi. Fuata mgonjwa mmoja unayemjua: alianza zahanati Rombo, akapelekwa hospitali ya wilaya, akaishia KCMC, iliyofunguliwa 1971 na leo ni rufaa ya kanda nzima. Nauli alilipa nani? Alilala siku ngapi akisubiri kipimo? Tukija kwenye sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, ni lipi kati ya hayo inalenga kulibadilisha? Hapo unasema jambo ambalo mtoto wa London hawezi kulisema.

La mwisho ni saa. Usaili mwingi sasa unafanyika kwa mtandao. Binti mmoja niliyemsaidia aliandikiwa saa 10:00, majira ya London. Akatafsiri vizuri kabisa, saa nne asubuhi, akakaa mbele ya kompyuta saa nne asubuhi, Moshi. London ilikuwa saa moja, watu wamelala. Alisubiri saa tatu nzima amevaa blauzi ya kupiga pasi, betri inashuka, umeme ukakatika, na walipofungua, yeye ndiyo kwanza anatafuta jirani mwenye jenereta. Wakati wa baridi yao sisi tuko mbele saa tatu, majira yao ya joto saa mbili. Andika saa zote mbili kwenye karatasi, ubandike ukutani, umwonyeshe mtu mwingine.

Maswali? Ndiyo, mama.

(Mama mmoja alisimama, akasema mwanawe ana haya, hamtazami mtu usoni, na wao ndivyo walivyomlea: mtoto hamkodolei mkubwa macho. Akauliza kama watu wa nje wataona hana adabu.)

Mmemlea vizuri, mama. Hataacha adabu, ataongeza nyingine tu. Mwanzoni atazame hapa, katikati ya nyusi. Anayetazamwa hajui tofauti. Lakini haya haiondoki kwa kuelezwa. Yuko wapi? Ndiye wewe mwenye sweta, mchora misikiti? Njoo ukae kiti hiki. Mama, wewe kaa cha pili. Leo wewe ni msaili. Muulize kwa nini anataka kuwa daktari.

(Aliuliza. Kijana alitazama sakafu, kisha nyusi za mama yake, kisha sakafu tena. Ukumbi ukanyamaza. Mama akafungua mdomo.)

Hapana, mama, usimsaidie. Mwache afikiri, ana dakika nane.