Kaka yetu wa stendi ya Kange, na mzee mwenye ufunguo kiatuni

Assalaam alaykum, hamjambo ndugu zangu wa Tanga, na nyote mnaotazama kutoka Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto na kwingineko. Leo niko jikoni kwangu Helsinki. Mnaona taa nimewasha, na hapa ni saa tisa mchana tu, nje giza linaanza kuingia. Ndiyo Novemba ya huku. Sina mandhari nzuri ya kuwaonyesha leo, nivumilieni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu nirudi kutoka likizo, na nikilinyamazia nitakuwa sijitendei haki.

Mwezi wa nane nilishuka Kange saa kumi alfajiri. Stendi ile hailali, mnaijua. Mama wa chai ameshawasha mkaa, bodaboda wanaitana, wapiga debe wanagombania mabegi ya watu. Shemeji yangu alikuwa njiani kunifuata, nikasogea pembeni kwenye ukuta nimsubiri. Pale chini kulikuwa na mtu amelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, amejifunika kanga ya kike imepauka, kichwa amekilaza juu ya pampu ya baiskeli.

Niliitambua pampu kabla sijamtambua mtu. Ni ile ya zamani ya chuma, ya kukanyagia miguu miwili, mpini umezungushiwa tyubu nyekundu. Sisi watoto wa Barabara ya 14, Ngamiani, sote baiskeli zetu zimejazwa upepo na pampu ile. Ukiwa huna shilingi alikujazia bure, akakwambia nenda kasome.

Aliamka akaniangalia, akatabasamu. "Mdogo wangu, umenenepa. Ulaya imekukubali." Halafu akaniomba kitu kimoja, nisimwambie mtu kwamba nimemwona pale. Ndiyo maana jina lake hamtalisikia kwangu, na ninyi mnaodhani mmemjua, naomba msiliandike. Habari hii nimemwomba ruhusa niisimulie, akakubali kwa sharti hilo.

Amefikaje pale? Kaka huyu halewi, havuti. Mama yake alipofariki, nyumba ya urithi iliuzwa, kila ndugu akachukua fungu lake. Fungu lake liliishia kwenye kutibu mguu. Akapanga chumba Mikanjuni, 30,000 kwa mwezi. Lakini mnajua kwetu hakuna kodi ya mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na wengine mwaka mzima. Miezi sita ya kwanza akalipa 180,000. Ya pili ikamkuta yuko kitandani, mguu umevimba, baiskeli za watu hazitengenezwi. Mwenye nyumba ni mjane, ana wanawe wanasoma kwa kodi ile ile, simlaumu. Godoro likatolewa nje. Akalala baraza ya huyu, kisha baraza ya yule, mpaka akaona haya kuwasumbua watu, akaenda Kange ambako hamjui mtu. Laki moja na themanini elfu. Hicho ndicho kilichomtenganisha na mlango.

Sasa niwaeleze kazi yangu ya huku, maana wengi mnajua nahudumia wazee na hamjui zaidi ya hapo. Nafanya kazi kwenye jengo wanamokaa watu waliokuwa wakilala nje. Shangazi yangu wa Makorora nilipomwambia alishangaa mno: "Kwani Ulaya nako wapo?" Wapo, shangazi. Finland ilipoanza kuwahesabu mwaka 1987 walikuwa zaidi ya 17,000, kwenye nchi ya watu milioni tano hivi. Na baridi ya huku haina utani. Anayelala nje Januari anaweza asiamke.

Zamani walifanya kama wanavyofanya wengi duniani. Walijenga mabweni ya usiku. Unaingia jioni, unapewa kitanda, asubuhi unatolewa, jioni unapanga foleni tena. Ukilewa huingii. Ukitaka nyumba, kwanza acha pombe, tibiwa, tafuta kazi, uonekane umenyooka, ndipo tukufikirie. Watu wakazeekea kwenye foleni. Mwaka 2008 serikali kuu na manispaa kubwa wakakubaliana kugeuza utaratibu. Kwa Kifini wanauita asunto ensin, yaani nyumba kwanza. Mtu apewe mlango wake mwenyewe leo, kwa mkataba wa kupanga wenye jina lake, halafu hayo mengine ya pombe, deni na maradhi ashughulikie akiwa ndani, kwa msaada.

Na hii ni kazi ya manispaa, haikuachiwa wenye huruma peke yao. Katiba yao, kifungu cha 19, inazitaka mamlaka zikuze haki ya kila mtu kuwa na makazi. Manispaa ya Helsinki inamiliki sehemu kubwa ya ardhi ya mji, na kampuni yake inapangisha nyumba takriban 50,000. Mabweni yakageuzwa. Kuna jengo la Jeshi la Wokovu mtaa wa Alppikatu lililokuwa na vitanda zaidi ya 200, limefanywa vyumba vya kujitegemea takriban 80, kila kimoja na jiko na choo chake. Vitanda vya mabweni mji mzima vilikuwa zaidi ya 500 mwaka 2008. Kufikia 2016 vilibaki 52. Nchi nzima, mwishoni mwa 2023, waliokosa makazi walikuwa 3,429.

Lakini takwimu hazinipi usingizi wala hazininyimi. Ngoja niwaambie kuhusu mzee mmoja.

Aliletwa kwetu baada ya miaka mingi ya kulala kwenye ngazi za majengo ya watu na kwenye hema porini. Nilikuwa zamu siku aliyosaini mkataba. Mkono ulimtetemeka, jina lake akaliandika mara mbili maana la kwanza halikusomeka. Akapewa ufunguo mmoja. Aliuangalia, akautia ndani ya kiatu, kisigino kikaukalia. Wiki tatu za mwanzo hakukipanda kitanda. Kila nikigonga asubuhi namkuta kalala sakafuni kando ya kitanda, viatu miguuni, koti mwilini, mgongo kaupa ukuta. Mtu aliyezoea kuibiwa usingizini halali chali. Hatukumlazimisha kitu. Tulikunywa naye kahawa tukaondoka. Pombe alikunywa, tena chumbani kwake, na hakufukuzwa kwa hilo. Siku moja nagonga, anafungua yuko pekupeku. Viatu vimepangwa mlangoni, ufunguo umetundikwa kwenye msumari. Ndugu zangu, nilirudi ofisini nikalia.

Kodi yake hailipwi na malaika. Inatoka kwenye pensheni yake na posho ya nyumba. Waliopiga hesabu kule Tampere waliona kuwa mtu akikaa hivi, gharama za hospitali, polisi na huduma za dharura zinapungua. Kwa hiyo msidhani ni huruma tupu, kuna hesabu ndani yake.

Na si peponi, nisiwadanganye. Mwaka 2024 idadi ilipanda tena hadi 3,806, na mwaka huohuo serikali ilikuwa imepunguza posho ya nyumba. Wapo wakazi wanaopinga jengo kama letu lisijengwe mtaani kwao. Na mgeni asiye na karatasi, mlango ule haumfungukii kirahisi.

Hapo niseme la kwangu, sijawahi kulisema. Mnajua hesabu yao wanamhesabu nani? Kila mwaka, katikati ya Novemba, manispaa zinaulizwa wako wangapi. Na anayehesabiwa si wa barabarani tu, hata aliyejihifadhi kwa rafiki au ndugu kwa muda kwa sababu hana pake anahesabiwa. Tena hao ndio wengi zaidi. Nilipofika huku nililala miezi minne kwenye godoro sebuleni kwa dada mmoja wa Chumbageni. Mchana nalikunja godoro nalificha nyuma ya kochi wageni wasilione. Nyumbani nilikuwa nikituma picha nimesimama kwenye theluji nacheka. Kwa hesabu ya Finland, nilikuwa mtu asiye na makazi. Dada yule hakuniuliza hata siku moja naondoka lini. Allah amlipe.

Nimewaza sana juu ya hilo. Kwetu, anayelala kwa mjomba hatumwiti asiye na makazi, tunamwita mtu wa nyumbani. Nyumba zetu za vyumba sita na ukumbi katikati zimebeba watu kuliko ofisi yoyote ya serikali. Ni jambo la kujivunia, nami najivunia. Ila nimeanza kuona kuwa kwa sababu nyumba zetu zimebeba, halmashauri zetu hazijajifunza kubeba. Na nyumba zenyewe zinauzwa. Barabara ya 14 nimezihesabu kwa macho, nyumba za urithi zilizogeuka maduka na maghorofa. Baraza zile alizokuwa akilala kaka yetu, nyingine zimewekwa vyuma.

Na kwetu hufanyika nini mtu akionekana ni mzigo wa mji? Baba yangu anaikumbuka Nguvu Kazi, mwaka 1983, walivyokamatwa mijini watu wasio na kitambulisho cha kazi wakapelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi. Na sheria ya kumkamata mzururaji tuliirithi kwa Mwingereza. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha kwetu, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Kaka yetu mwenyewe alishabebwa. Si Tanga, ni mji mwingine alikokwenda kutafuta kibarua, na sitautaja. Kulikuwa na ugeni unakuja. Usiku wakapakiwa kwenye lori, wakashushwa porini kilomita nyingi nje ya mji, wakaambiwa wajitegemee. Alitembea na mguu ule mbovu mpaka kulipokucha. Pampu yake hakuiachia.

Lori lina dereva, lina mafuta, lina askari, lina posho. Kwa fedha ile ile ya usiku mmoja, wangapi wangelipiwa miezi sita ya kodi?

Simwambii mkurugenzi wa jiji la Tanga ajenge Helsinki. Tanga ina watu karibu laki nne, na mapato yake nayajua si ya Finland. Lakini tuna vitu ambavyo Helsinki ilibidi ivilipie. Huku wanaajiri washauri wa makazi, kazi yao kumfuata mpangaji aliyechelewesha kodi kabla hajatolewa nje, wakae naye na mwenye nyumba wapange namna ya kulipa. Sisi tuna mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wanaojua nani kaugua, nani kafiwa, nani godoro lake liko nje. Taarifa ile inaishia barazani. Haifiki kwa afisa ustawi wa jamii, au inafika mtu akiwa ameshakaa Kange mwaka.

Na pale Mwanzange, Tanga hapohapo, tunayo makazi ya wazee wasio na ndugu, ya serikali. Kwa hiyo msiniambie kwamba si utamaduni wetu. Tulishakubali kwamba mzee asiye na mtu ni wetu sote. Ninachouliza ni kuhusu mwenye miaka 46 na mguu mbovu.

Mimi naona pa kuanzia ni ile miezi sita. Halmashauri iwe mdhamini. Iwaambie wenye nyumba ishirini tu, kata mbili tatu: mpokee mtu wetu kwa kodi ya mwezi mwezi, akikwama tunalipa sisi, na afisa ustawi atapita kila wiki. Vyumba vipo, jiji halihitaji kufyatua tofali hata moja. Kemi, mji wa kaskazini mwa Finland, umeshawahi kushirikiana na Tanga, na watumishi wa pande mbili wametembeleana. Safari nyingine wakija, waombeni wawaletee mtu wa makazi awaeleze.

Sikusubiri hayo yatimie. Tulichanga huku, watu watano wa Tanga, tukapitishia kwa mwenyekiti wa mtaa, na yule mjane wa Mikanjuni, mkisikia mtafurahi, ndiye aliyekubali kumrudisha. Chumba kile kile. Alisema alikuwa hajapata usingizi mzuri tangu alipomtoa.

Juzi usiku kaka kanipigia. Nikamuuliza amelalaje. Akasema kitanda bado hajakizoea, mgongo unataka ardhi. Nikamwambia asiwe na haraka, nikamsimulia habari ya mzee wangu na viatu vyake. Akanyamaza muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema mlango ni mzima ila kitasa kimelegea, na pampu haiwezi kukaa mle ndani hivi hivi, imemlisha miaka ishirini. Anaomba hela ya kufuli.

Nimetuma asubuhi hii.