Mashine Zisizoasi: Hadithi Fupi Tatu na Hatari ya Kuhudumiwa

Mabibi na mabwana,

Zinapotajwa hadithi za kubuni za kisayansi, wengi wetu huwaza mara moja roboti lililomgeukia bwana wake. Leo nimekuja na hadithi fupi tatu ambazo ndani yake hakuna mashine inayoasi. Zote zinatii, tena zinatii mpaka dakika ya mwisho, na nitajaribu kuonyesha kwamba waandishi wake waliiona hatari katika utiifu wenyewe.

Ya kwanza ni ya Mwingereza E. M. Forster, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita “Mashine Yasimama.” Ilichapishwa mwaka 1909, wakati redio ilikuwa bado haijaingia majumbani mwa watu. Humo binadamu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja peke yake katika chumba chenye pembe sita kama kijumba cha nyuki, wakihudumiwa na Mashine moja kubwa, na kila haja ina kitufe chake: chakula, maji ya kuoga, muziki, nguo. Vashti, mhusika mkuu, anafahamiana na maelfu ya watu ambao hawagusi. Yeye naye ni mhadhiri. Hutoa mhadhara wake kwa dakika kumi bila kuinuka kitini, na wasikilizaji wake humwona na kumsikia kila mmoja akiwa chumbani kwake. Nakiri kwamba nilipokuwa njiani kuja hapa nilimwonea wivu kidogo. Mwanawe Kuno, anayeishi upande wa pili wa dunia, anamwomba jambo moja tu: aje waonane ana kwa ana, bila Mashine kuwa kati yao. Ombi hilo linamkera mama.

Lakini sehemu ninayoiona bora kuliko zote ni ile ya uchakavu. Mashine inapoanza kuharibika, haiharibiki kwa kishindo. Wimbo anaoupenda Vashti unaingiwa na mlio kama wa mtu anayetweta, naye analalamika kwa kamati inayohusika na matengenezo. Baada ya muda anauzoea mlio ule, hata anauhesabu kuwa sehemu ya wimbo. Matunda yanakuja na ukungu, maji ya kuoga yananuka, mashine ya kutunga mashairi inakosea vina, na kila kero inalalamikiwa kwanza, kisha inavumiliwa, kisha inasahauliwa. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na sijui hadithi nyingine inayoionyesha taabu hiyo kwa utulivu wa namna hii.

Miaka 41 baadaye, mwaka 1950, Mmarekani Ray Bradbury alichapisha hadithi mbili zinazohusu nyumba zinazojiendesha. Katika “Mbuga,” kuta za chumba cha watoto huonyesha chochote wanachokiwaza, nao wanawaza Afrika: jua kali, tai na simba. Msomaji wa kwetu hana budi kutabasamu kwa uchungu, kwa kuwa katika Afrika hiyo hamna Mwafrika hata mmoja. Wazazi wanapotaka kukifunga chumba, watoto wanalia na kusihi, wazazi wanalegea na kukiwasha tena kwa muda mfupi, na muda huo unatosha simba wa ukutani kugeuka simba halisi na kuwala wazazi hao. Naiona kuwa dhaifu kuliko nyingine, kwa sababu inahitaji watoto wenye roho mbaya ili isonge mbele. Forster hakuhitaji mtu mbaya hata mmoja.

Hadithi ya pili ya Bradbury, “Zitakuja Mvua Laini,” haihitaji hata mtu. Kama ilivyo katika kitabu chake cha 1950, The Martian Chronicles, siku ni tarehe 4 Agosti 2026, huko California, na bomu la atomiki limekwisha kuuteketeza mji. Nyumba moja imebaki, inapika mayai manane na kutaja saa. Ukuta wake wa magharibi umeungua wote isipokuwa sehemu tano ambamo rangi imesalia kwa umbo la mwanamume akikata majani, mwanamke akichuma maua, mvulana, mpira uliorushwa juu, na msichana aliyeinua mikono kuudaka. Wasomaji wa wakati ule walikuwa na miaka mitano tu tangu bomu la atomiki la Hiroshima, mji wa Japani ambako kivuli cha mtu kilibaki kwenye ngazi za mawe. Mbwa wa nyumba anarudi akiwa mifupa mitupu, anafia sebuleni, na vipanya vya mashine vinamwondoa kama vinavyoondoa tope.

Hapo ndipo waandishi hawa wanapoachana. Kwa Bradbury, nyumba inaungua, unabaki ukuta mmoja, na ndani ya ukuta huo sauti inaendelea kuitaja tarehe 5 Agosti, tena na tena, bila msikilizaji. Kwa Forster wasikilizaji wapo, ila mvumo wa Mashine, uliokuwa masikioni mwa Vashti tangu azaliwe, unakoma ghafla, na kimya hicho peke yake kinaua maelfu ya watu papo hapo.