Hare School na Hindu School, Kolkata: lango limehamia wapi?

NEEMA: Karibuni tena. Leo tuko Kolkata, India, College Street, mtaa wa vibanda vya vitabu. Hapo pana shule mbili za serikali, za wavulana, zenye zaidi ya miaka 200: Hindu School na Hare School. Kaka Salum, anza na tarehe, maana watu huzichanganya.

SALUM: Haki yao kuchanganya, dada. Kilichofunguliwa tarehe 20 Januari 1817 ni Hindu College, kwenye nyumba ya mtu huko Garanhata, wanafunzi 20 tu. Ilikuwa na idara ya wadogo na ya wakubwa. Mwaka 1855 zikatenganishwa: wakubwa wakawa Presidency College, wadogo wakawa Hindu School. Hare School ina ukoo wake. Inahesabu tangu 1818, na mizizi yake ni vishule vya David Hare, fundi saa Mskoti aliyefika Kolkata mwaka 1800, kisha akaachana na saa akashika elimu.

NEEMA: Mtu ambaye mwenyewe hakusoma sana.

SALUM: Ndiye. Kipindupindu kilimuua 1842. Wamisionari hawakutaka azikwe makaburi ya Wakristo, wakisema hana dini, basi akazikwa College Square, jirani na ilipo shule yenye jina lake sasa.

NEEMA: Sifa ya shule hizi imejengwa na majina. Jagadish Chandra Bose na Prafulla Chandra Ray walipita Hare School. Satyendra Nath Bose, ambaye chembe za bosoni zimeitwa kwa jina lake, alisoma Hindu School. Husimuliwa kwamba mwalimu wa hesabu alimpa alama 110 kwa 100, eti baadhi ya maswali aliyajibu kwa njia zaidi ya moja.

SALUM: Hadithi tamu, lakini sikiliza inachoficha. Enzi hizo shule ilichuja. Ukimchukua mtoto ambaye tayari ni moto, akifaulu sifa ni ya nani? Mchujo huo sasa ni marufuku. Sheria ya haki ya elimu ya 2009, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2010, kifungu cha 13, inakataza kumpima mtoto au mzazi wakati wa kuandikisha, na inakataza michango ya kuingilia shule. Kwa hiyo darasa la kwanza huingiwa kwa bahati nasibu.

NEEMA: Na wazee waliosoma pale hawaipendi kabisa. Wanasema ubora umeshuka.

SALUM: Mimi sikubaliani nao. Bahati nasibu haishushi ubora, inaondoa pazia tu. Sasa shule inaonekana inafundisha kiasi gani. Ila tusidanganyane, lango halijafa, limehama. Sheria ile inagusa miaka 6 hadi 14, yaani darasa la 1 hadi la 8. Darasa la 11 huingiwa kwa alama za Madhyamik, na ushindani wa zamani umehamia huko.

NEEMA: Madhyamik ni mtihani wa jimbo la West Bengal wa darasa la 10. Kwa Mtanzania, uchukulie kama ule wa kidato cha nne. Masomo saba: lugha ya kwanza, lugha ya pili, hesabu, fizikia na kemia pamoja, baiolojia, historia, jiografia. Kila somo alama 100: karatasi ya mtihani 90, na 10 hutolewa shuleni. Jumla 700. Kufaulu somo ni 25, na daraja la juu kabisa, AA, huanzia 90.

SALUM: Hizo 10 za shuleni zisidharauliwe. Mtoro anayefanya vizuri kwenye karatasi anaweza kujikuta AA imemponyoka kwa alama mbili tatu tu. Na siku ya mtihani kuna dakika 15 za kusoma maswali kabla ya saa tatu za kuandika. Wengi huzipoteza kwa woga. Zitumie kuchagua maswali utakayoyaacha.

NEEMA: Kabla ya hapo kuna moko, wenyewe wanaiita "Test". Maswali ya Test za shule mbalimbali hukusanywa kuwa kitabu kinene, na vibanda vya College Street huviuza hata vilivyotumika. Ukinunua cha mkono wa pili, angalia mwaka na muhtasari. Cha mtaala wa zamani ni karatasi ya kufungia karanga.

SALUM: Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, halihusu kusoma. Linahusu rejista. Mwanafunzi husajiliwa kwenye bodi ya mtihani wa Madhyamik akiwa darasa la 9, na jina na tarehe ya kuzaliwa hutoka kwenye rejista ya shule. Ile hati ya darasa la 10 ndiyo itakayotumika maisha yote kuthibitisha umri, hadi kwenye pasipoti. Sasa cheti cha kuzaliwa kinasema Mukherjee, rejista inasema Mukhopadhyay. Ni ukoo mmoja kwa tahajia mbili, lakini karani wa pasipoti haangalii ukoo, anaangalia herufi.

NEEMA: Kwa hiyo mzazi afanye nini?

SALUM: Alinganishe herufi kwa herufi siku ya kuandikisha, na tena kabla fomu ya darasa la 9 haijatumwa. Kurekebisha wakati huo ni kazi ya mwalimu mkuu. Baada ya hati kutoka, ni maombi kwa bodi, na kiapo mbele ya hakimu.

NEEMA: Darasa la 11 na la 12 nako kumebadilika. Kuanzia walioingia 2024, masomo huenda kwa mihula minne: wa kwanza na wa tatu ni maswali ya kuchagua jibu, wa pili na wa nne ni ya kuandika majibu.

SALUM: Na walimu, dada. Tarehe 3 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya India ilifuta ajira zaidi ya 25,000 za shuleni West Bengal. Watu wakadhani Hindu na Hare zimebaki tupu. Hapana. Zile zilikuwa za shule za ruzuku, zinazoajiri kupitia School Service Commission, yaani tume ya ajira za shule. Shule za serikali hasa huajiri kupitia Public Service Commission, tume ya utumishi wa umma.

NEEMA: Tumalizie na chakula, msikilizaji mmoja ameuliza. Mpango wa taifa unahusu darasa la 1 hadi la 8. Mtoto wa msingi hupangiwa nafaka gramu 100, dengu 20, mboga 50, mafuta 5. Kuanzia darasa la 6 ni nafaka 150, dengu 30, mboga 75, mafuta 7.5.

SALUM: Hivyo ni vipimo vya vitu vikavu, kabla ya kupikwa. Anayepima wali ulioiva atadhani mtoto ameongezewa maradufu, kumbe ni maji.