Kosa la Kwanza Liko Juu

Mhadhara kwa wanaoanza kusakinisha programu kutoka msimbo chanzo, Kisumu

Hamjambo nyote. Sogeeni mbele kidogo, viti vya nyuma tuwaachie watakaochelewa. Nimepewa muda hadi saa saba na stima leo iko, kwa hiyo tuanze kabla haijabadilisha nia.

Nilipokuwa naingia nimekutana na kijana hapo mlangoni, laptopu kwapani. Nikamuuliza, shida ni nini? Akasema, "Mwalimu, imekataa." Imekataaje? "Imekataa tu. Imeandika Error 2." Jibu hilo nimelisikia Kondele, nimelisikia Maseno, na ndilo lililonifanya nikubali kuja hapa. Ndugu zangu, Error 2 si kosa. Error 2 ni makanga wa matatu ya mwisho kwenye msongamano. Ukimuuliza kuna nini, anakuambia magari hayaendi. Hilo unaliona mwenyewe. Lori lililoanguka liko mbele huko, kilomita mbili, na yeye hajaliona. Leo nataka tujifunze kutembea hadi kwenye lori.

Kwa wale wageni kabisa, nieleze kidogo. Ukiandika apt install, amri ya kusakinisha programu iliyokwisha kujengwa, kwenye Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, unanunua chapati kibandani: imeshaiva, wewe kula. Msimbo chanzo, yaani programu kama ilivyoandikwa na mtunzi kabla ya kujengwa, ni unga. Unapewa unga na karatasi ya maelekezo, kisha unaambiwa nenda ukapike kwako. Aliyeandika programu hiyo hajui kama kwako kuna jiko, mafuta, au hata kibao cha kusukumia. Na niseme wazi, kama chapati ya kibandani inakutosha, nunua ile. Sioni ushujaa wa kukanda unga kwa ajili ya kukanda. Pika mwenyewe kama toleo la dukani ni la zamani, au unataka kubadilisha kitu ndani yake, au unataka kujua chapati inatengenezwaje. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninasa mimi.

Programu nyingi za zamani zilizoandikwa kwa lugha ya C hupikwa kwa amri tatu. Ya kwanza, ./configure, inazunguka jikoni ikikagua: jiko lipo, sufuria ipo, chumvi ipo. Ya pili, make, inapika. Ya tatu, sudo make install, inapakua na kuweka mezani, kwa kawaida ndani ya /usr/local. Hiyo ya tatu peke yake ndiyo inayohitaji sudo, neno la kuomba mamlaka ya msimamizi wa mashine. Mimi nilipoanza nilikuwa naweka sudo mbele ya kila kitu, kama mtu anayebisha hodi kwa teke, matokeo yake folda ikajaa faili za root, yaani msimamizi huyo, ambazo sikuweza hata kuzifuta. Jiko lenyewe, yaani kompaila ya gcc inayogeuza msimbo kuwa programu, na wenzake, kwenye Ubuntu na ndugu yake Debian linakuja kwa furushi moja liitwalo build-essential. Kama hulina, usiende hatua nyingine.

Sasa tuingie kwenye moshi.

Nilikuwa na laptopu ya mtumba. Betri yake kubwa ilikuwa imekufa, na ile ndogo ya saa, ya duara kama sarafu, nayo imekufa. Stima ikipotea, mashine inazimika pale pale. Ikirudi, laptopu inaamka ikidhani tuko mwaka 2009. Siku moja niko nyumbani, bando limeisha, nimeshapakua programu, naandika ./configure. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukasema inakagua kama mazingira ya ujenzi yana akili timamu, na hayo ndiyo maneno yake kweli, "checking whether build environment is sane". Kisha ikagoma: "newly created file is older than distributed files! Check your system clock". Yaani faili niliyoitengeneza sasa hivi ni nzee kuliko zilizokuja ndani ya furushi. Mtoto amezaliwa kabla ya nyanya yake.

Jioni nzima nilihangaika. Nikafuta, nikafungua furushi upya, nikafuta tena. Jibu lilikuwa limeandikwa mbele yangu, tena kwa maneno ya mwisho kabisa: angalia saa yako. Sikuyasoma kwa sababu nilishaamua kwamba mimi ni mwanafunzi na hayo ni mambo ya wakubwa. Nikarekebisha tarehe kwa amri ya date, kazi ikaenda. Kesho yake nikanunua betri mpya ya saa.

Lakini kwa nini ijali saa? Kwa sababu make inafanya kazi kwa kulinganisha nyakati. Inatazama faili ya msimbo na faili iliyotokana nayo. Kama msimbo ni mpya zaidi, inapika upya. Kama sivyo, inaruka. Ukiidanganya saa, umeidanganya make. Chombo hiki kiliandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1976, na hadi leo bado kinatazama saa vile vile.

Ukaguzi huo huo wa akili timamu ndio unaokataa majina fulani ya folda. Ukiweka programu ndani ya folda yenye alama kama # au $ katika jina, mfano "Kazi#Zangu", unaweza kuambiwa "unsafe absolute working directory name". Andika KaziZangu, mambo yaishe. Na tafadhali, usijenge ndani ya flashi. Najua wengi wenu mnabeba kila kitu kwenye flashi kwa sababu mashine si yenu. Flashi nyingi zina mfumo wa FAT, na FAT haijui ruhusa za Linux, haijui viungo vya faili. Utaambiwa "Permission denied", utaongeza sudo, haitasaidia. Nakili furushi kwenye diski ya mashine, ulifungulie huko.

Haya, lori lenyewe. Kosa ambalo nusu ya mlio hapa mmekutana nalo linafanana hivi:

fatal error: zlib.h: No such file or directory

Baada yake kuna mistari kadhaa, na chini kabisa yupo makanga wetu, Error 1 au Error 2. Mtu anasoma wa chini, anaupiga picha, anautuma kwenye kundi la WhatsApp, na kundi zima linamwombea.

Usome mstari huo polepole. Unasema hakuna faili inayoitwa zlib.h. Basi. Mtu anaenda dukani: sudo apt install zlib. Duka linasema halina. Anajaribu zlib1g, anaambiwa tayari unayo, toleo jipya kabisa. Sasa anachanganyikiwa: ninayo, na bado naambiwa sina?

Fikirieni hoteli. Jikoni kuna wapishi na chakula, hiyo ndiyo maktaba ya zlib, msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia. Ukutani kuna menyu: kuna ugali, kuna omena, kuna ngege, na bei zake. Hiyo ndiyo faili ya kichwa, ile yenye .h. Programu iliyokwisha kujengwa inajua cha kuagiza, inapita moja kwa moja hadi jikoni. Programu inayojengwa sasa lazima isome menyu kwanza. Mashine yako ina wapishi na chakula lakini haina menyu, kwa sababu watu wa Debian na Ubuntu wanaviuza kila kimoja peke yake ili wasiojenga chochote wasibebeshwe mzigo. Menyu huwa na jina linaloishia na -dev. Hivyo dawa ni sudo apt install zlib1g-dev. Kwenye Fedora, Linux ya aina nyingine, mwisho wake ni -devel.

Utajuaje kwamba zlib.h iko ndani ya kitu kinachoitwa zlib1g-dev? Hutajua kwa kubahatisha. Sakinisha apt-file, iambie sudo apt-file update, kisha apt-file search zlib.h. Itakuonyesha kila furushi lenye faili ya jina hilo. Tafuta lile linaloiweka ndani ya /usr/include. Amri hiyo moja ingeniokolea mwaka mzima.

Na ukishasakinisha, rudi kwenye ./configure. Wengi wanarukia make. Mkaguzi alishaandika kwenye daftari lake kwamba menyu haipo. Asipokagua upya, ataamini daftari.

Sasa, kuupata mstari wa kosa la kwanza. Skrini inakimbia, wewe hufiki. Fanya hivi: make 2>&1 | tee ujenzi.txt. Kila kilichosemwa kinabaki kwenye faili hiyo. Halafu tafuta neno error ndani yake kwa grep -n "error" ujenzi.txt, usome wa juu kabisa. Ukiona makosa 40, usihesabu 40. Menyu moja ikikosekana, kila sahani inayotajwa baadaye inakuwa kosa. Rekebisha wa juu, jenga tena, mara nyingi 39 wanaondoka wenyewe. Kama ulitumia make -j8 ili iende haraka, sauti zimechanganyika, wanane wanaongea kwa pamoja. Rudia kwa make tupu ndipo usome.

Hapa nitawavuruga kidogo. Aliyekataa akiwa ni configure, anakuelekeza kwenye faili ya config.log. Ukiifungua ukaenda mwisho, unakuta orodha ndefu ya majina na thamani isiyo na maana kwako. Hiyo si kosa, ni mkaguzi anamwaga mifuko yake kabla ya kuondoka. Panda juu hadi upite kichwa cha "Cache variables". Kosa liko hapo juu kidogo.

Linalonikera zaidi ni lile lisilopiga kelele. Rafiki yangu alijenga Python, lugha ya kuandikia programu, kutoka msimbo chanzo. Ikaenda vizuri, hakuna Error yoyote, tukapongezana. Akajaribu pip, chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python, ikamwambia moduli ya ssl, ile ya mawasiliano salama mtandaoni, haipo. Tulirudi kwenye matokeo ya make tukayasoma yote. Karibu na mwisho iliandikwa kwa upole kabisa kwamba baadhi ya moduli za hiari hazikujengwa kwa sababu vinavyohitajika havikupatikana, na _ssl imo. Python haikatai kujengwa bila hiyo. Inaiacha nje na kuendelea. Dawa ilikuwa libssl-dev, kisha configure tena, make tena. Na kwa Python, mwisho tumieni make altinstall, isije ikachukua nafasi ya amri ya python3 mnayoitegemea.

Ya haraka haraka. Ukiona "missing separator", umenakili Makefile, karatasi ya maelekezo inayosomwa na make, kutoka WhatsApp na herufi ya Tab imegeuka kuwa nafasi. Feldman mwenyewe alisimulia kwamba alipogundua Tab ni usumbufu, tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni, akaona asiwavurugie. Kwa ajili ya watu hao dazeni, sisi huku Kisumu tunateseka. Ukiona "Killed", kumbukumbu ya mashine imeisha: punguza, andika make -j2 au -j1, funga kivinjari. Na usiandike -j bila namba, hiyo ni kualika kijiji kizima kwenye jiko moja. Ukimaliza kusakinisha halafu programu ikalia "error while loading shared libraries", jaribu kwanza sudo ldconfig, inayoifanya mashine itambue maktaba mpya.

Maswali? Ndiyo, dada yangu pale.

Anauliza, akisakinisha kisha akajuta, anaitoaje? Swali zuri, na ni la kujiuliza kabla. Baadhi ya programu zina make uninstall, lakini ukishaifuta folda uliyojengea, umeifuta na amri hiyo. Mimi siku hizi kwenye configure naongeza --prefix=$HOME/programu/ na jina lake. Kila kitu kinaingia humo, sudo sihitaji, na kuitoa ni kufuta folda moja. Itabidi tu uongeze folda yake ya bin kwenye PATH, orodha ya folda ambamo mashine hutafuta amri, la sivyo utaambiwa "command not found" na utarudi kwangu ukisema imekataa.

Sasa yule kijana wa Error 2 yuko wapi? Lete laptopu hapa mezani. Hapana, usinionyeshe mwisho. Panda juu. Panda tena. Hapo, simama, wasomee wenzako huo mstari kwa sauti.